Mabeseni Mawili ya Darini

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Mama Beseni alifungua bomba la maji ya moto kwenye chumba cha kufulia, akasubiri kutu ya usiku imwagike yote, kisha akajaza mabeseni manane. Maji aliyapima kwa kiwiko. Viganja vyake, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi ile, vilikuwa havijui tena tofauti ya maji yanayounguza na yasiyounguza, lakini kiwiko hakikuwahi kumdanganya. Mabeseni sita yalikuwa ya vitandani. Mawili yalikuwa ya darini, na hayo aliyaongeza moto kidogo, maana mpaka umalize kupanda ngazi nayo, maji huwa yamekwisha kupoa.

Wodi ilikuwa ya wagonjwa wa muda mrefu. Hawakuletwa humo watu wa kupona, wala watu wa kufa leo au kesho. Waliletwa watu wa kukaa. Walikuwa kumi na wanane, na wote walitakiwa wawe wameoshwa, wamekaushwa, wamesafishwa vinywa na kubadilishiwa mashuka kabla daktari hajapita saa nne. Zamani wahudumu walikuwa watatu. Mmoja alistaafu, mwingine akaazimwa na wodi ya wazazi kwa muda mfupi, na muda mfupi huo ulikuwa unaingia mwaka wa tatu. Sista aliyekuwa akiisimamia wodi alikaa chini na kalamu akagawanya asubuhi kwa idadi ya wagonjwa, akapata dakika kumi na mbili kwa kila kichwa. Aliliandika jibu hilo kwenye karatasi akalibandika mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa hesabu, naye aliifanya.

Mama Beseni jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kusahaulika hata ofisini. Kwenye orodha ya zamu aliandikwa hivyohivyo, Mama Beseni, naye alisaini hivyohivyo.

Fundi Saa aliletwa wodini baada ya kiharusi kumchukua upande mzima wa kulia. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyekaa miaka arobaini kwenye kibanda cha kioo akitengeneza saa za watu, lenzi jichoni, pumzi ameibana. Siku ya kwanza Mama Beseni alipovuta pazia na kumwambia, "Mzee, nakuvua shati sasa," alifumba macho. Alipomwambia anamvua na suruali, aliyafumba zaidi. Wakati wote wa kuoshwa midomo yake ilikuwa ikichezacheza, na Mama Beseni alidhani anasali. Baadaye sana ndipo mzee alipomwambia kwamba alikuwa akiifungua saa moyoni, kipande kimoja kimoja, kioo, mishale, uso wa saa, gia, springi, na kuiunga upya, ili asiwepo pale.

Mama Beseni alikuwa na taratibu zake kwa watu wa namna hiyo. Hakumwacha mtu wazi mwili mzima. Alifunua alipokuwa anaosha tu, kwingine kote akafunika taulo. Alianza na uso, bila sabuni, jicho kutoka puani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Halafu masikio, shingo, mikono, makwapa, kifua. Miguu aliikausha mpaka katikati ya vidole. Alibadilisha maji, akageukia mgongo, na mwisho kabisa sehemu za siri, na hapo alikuwa na kawaida ya kuzungumzia jambo lingine kabisa, bomba linalovuja au mvua inayochelewa, kwa sauti ileile, ili mgonjwa awe na pa kupeleka masikio.

Binti yake Fundi Saa alikuwa akija. Juma la kwanza alikuja kila siku, baadaye Jumamosi kwa Jumamosi, baadaye akawa anapiga simu. Alikuwa karani wa shule, ana mume na watoto watatu, na shule yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mji. Alipiga kwenye simu ya wodi, Mama Beseni akauvuta waya mpaka kitandani, akamshikia mzee mkono wa simu sikioni. Siku moja alimsikia akisema, kwa ulimi wake mzito wa kiharusi, "Usijisumbue, mwanangu. Wewe kaa na wanao. Mimi sitaki kuwa mzigo kwa mtu."

Kesho yake asubuhi, Mama Beseni alipofunua shuka, aliona visigino vya mzee haviligusi godoro. Alipitisha kitambaa chini yake, kikapita. Alipitisha mkono, ukapita. Akamwita Sista. Sista alikuja na faili, akalipitisha faili chini ya visigino, akaliinua, akaandika humo humo.

"Kama Bibi," alisema.

"Kama Bibi," Mama Beseni akaitikia.

Bibi wa Dirishani alikuwa amepanda miaka miwili kabla. Yeye alianzia mabegani. Wanawe watano walikuwa wamekubaliana kupokezana kuja kumwona, na kila mmoja aliamini zamu ni ya mwenzake. Sasa alikaa juu kwenye pembe, karibu na dirisha, akitazama barabara, na kwa sababu yake madirisha ya juu yalikuwa yamewekewa wavu.

Fundi Saa alichukua wiki nne kufika darini. Wiki ya kwanza shuka lililochomekwa vizuri lilitosha kumshika. Ya pili walimfunga na mkanda laini wa kitambaa, lakini ulimwacha alama kiunoni, daktari akasema afunguliwe. Baada ya hapo alikwenda mwenyewe, taratibu, kila asubuhi yuko juu shubiri moja zaidi ya jana, mpaka tumbo likagusa ubao wa dari, akajinyoosha kama mtu anayejinyoosha usingizini, akatulia chali huku mgongo ukitazama wodi. Feni ya upande ule ilibidi izimwe. Ilikuwa ikimsogeza mpaka kwa Bibi, na Bibi alilalamika.

Daktari alipopita alisema moyo unapiga vizuri. Fundi wa majengo wa hospitali alileta ile ngazi ya mbao aliyokuwa akiiazimisha kila asubuhi kwa ajili ya Bibi, akaombwa asiichukue tena.

Ikumbukwe kwamba jambo hili lilikuwa na faida zake, na Sista hakuzificha. Mtu aliye darini halaliwi na mwili wake mwenyewe. Hana haja ya kugeuzwa kila baada ya saa mbili, hapati vidonda vya kulalia. Wakaguzi walipokuja walihesabu vidonda wodi kwa wodi, na wodi ile ikaonekana ina vidonda vichache kuliko zote. Walimpa Sista cheti, naye akakitundika juu ya meza yake. Wakaguzi walitazama pia darini. Mmoja aliuliza kama utando wa buibui huondolewa mara kwa mara, akajibiwa ndiyo, akaweka alama ya vema.

Na kitanda kilikuwa kimebaki kitupu, wagonjwa wamejaa kwenye korido. Kwa hiyo chini ya Fundi Saa aliwekwa mtu mwingine, dereva wa lori mstaafu ambaye miguu yake yote miwili ilikuwa imekatwa kwa sababu ya sukari. Dereva alikuwa mcheshi. Asubuhi Mama Beseni alimtandikia nailoni juu ya blanketi, maana maji ya kuogea yalidondoka, naye alizoea kusema, "Leo mvua imeanza mapema."

Kumwosha mtu darini ni kazi ya kujifunza. Mama Beseni alitundika beseni kwenye ndoano aliyoipigilia kwenye ngazi, akapanda mpaka kipandio cha tano, akaweka viganja vyote viwili mgongoni kwa mzee. Mikono yake ilikuwa na uwezo wa kumteremsha, ila kwa kiasi tu. Mzee alishuka mpaka usawa wa kifua cha Mama Beseni, akabaki hapo muda wote anaoshwa. Mikono ikiondoka, hata kwa kukamua kitambaa, alianza kupanda. Kwa hiyo Mama Beseni alijifunza kukamua kwa mkono mmoja.

Mzee hakuwa na saa, wala wodi haikuwa na saa ya ukutani. Lakini dakika ya kumi na mbili ilipofika alisema, "Zimetimia, mama. Nenda kwa wengine." Hakuwahi kukosea. Mama Beseni alimkausha, akampaka mafuta kwenye viwiko na magoti, akamwacha. Alisikia nyuma yake ule mgongano mdogo wa mwili na ubao, naye alikuwa keshaburuta ngazi kwenda kwa Bibi.

Jioni Mama Beseni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Mumewe alikuwa amefariki siku nyingi, mtoto hawakujaliwa. Dada yake alikuwa mbali, walisalimiana kwa simu. Alifungua redio kabla hajavua viatu. Kwa siku aligusa miili ya watu kumi na wanane, kuanzia utosi hadi unyayo, na wakati mwingine, akijisugua mgongo kwa kitambaa kirefu alichokishika ncha mbili, alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimgusa yeye, akashindwa, akaacha kukumbuka, akaongeza sauti ya redio.

Ilikuwa siku ya kumnyoa ndevu ndipo Fundi Saa alipoomba kitu kwa mara ya kwanza. Mama Beseni alikuwa amemaliza shavu la kushoto.

"Mama," alisema, "nikandamize kidogo."

"Wapi, mzee?"

"Popote. Nimesahau godoro lilivyo."

Aliweka wembe kwenye beseni, akamshika mabega, akamkandamiza kwa nguvu zake zote, mpaka ngazi ikalia. Alishuka kidogo. Dereva, kule chini, alinyoosha mikono akamshika nyayo, akavuta naye. Walimshika hivyo kwa muda. Halafu mikono ikachoka, wakamwachia, akarudi juu akiwa na povu kwenye shavu la kulia.

"Ahsanteni," alisema. "Zimetimia."

Siku hiyo, Sista alipokwenda kunywa chai, Mama Beseni alifungua kabati la mafaili, akaandika namba ya simu ya binti kwenye kiganja. Haikuruhusiwa. Alipiga akiwa amesimama.

Alijitambulisha, akaeleza kwamba baba hana tatizo jipya, isipokuwa yuko darini mwezi wa nane sasa. Binti alisema alikuwa ameandikiwa barua kuhusu hilo na aliisaini. Akasema shule ina mitihani, mtoto wa mwisho ana pumu, usafiri nao ni shida. Mama Beseni alisema anaelewa. Binti akasema, "Baba mwenyewe alisema hataki kuwa mzigo."

"Ndiyo," alisema Mama Beseni. "Na sasa si mzigo kabisa. Hana hata uzito wa shati lake. Njoo umwone."

Alikuja Jumamosi, na mkoba wake wa kazini na mfuko wa machungwa. Alisimama katikati ya wodi akainua uso, akamtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Amekonda," alisema. "Na kucha zake ndefu."

Mama Beseni alikubali kwamba kucha zilikuwa ndefu. Kwenye dakika kumi na mbili kucha na ndevu zilipokezana wiki kwa wiki, na wiki ile walikuwa wamenyoa. Alivuta ngazi, akaleta beseni, sabuni na taulo mbili, akamkabidhi binti kitambaa. Binti alirudi nyuma hatua moja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yule ni baba yake, atamwosha vipi yeye, mtoto wa kike.

"Anza na mikono," Mama Beseni alimwambia. "Mikono haina aibu."

Binti alivua viatu akapanda. Alishika mkono wa kulia, ule uliopooza, uliokuwa umejikunja ngumi. Mama Beseni, akiwa ameishikilia ngazi, alimwelekeza aufungue kidole kimoja kimoja, asilazimishe, aupe muda uingie kwenye maji. Ndani ya kiganja kulikuwa na joto la unyevunyevu na harufu, kama inavyokuwa kwenye viganja visivyofunguka. Binti alipaka sabuni, akasuuza, akapaka tena. Kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada kulikuwa na weusi wa mafuta ya saa ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa, na alipouona aliusugua kidogo halafu akauacha.

Mzee alianza kushuka. Mama Beseni aliona kivuli kikitanda juu ya blanketi la Dereva, akamwita mlinzi wa mlangoni, wakambeba Dereva wakamweka kwenye kiti cha magurudumu pembeni. Binti aliteremka ngazi kipandio kwa kipandio akiwa ameushika mkono ule, baba yake naye akiteremka sambamba, mpaka springi za kitanda zikalia, moja baada ya nyingine, na godoro likabonyea.

"Umekuja na nani?" mzee aliuliza.

"Peke yangu, baba."

"Njia ilikuwa nzuri?"

"Nzuri. Gari lilichelewa kidogo."

Binti alimwosha mkono wa pili, uso, mgongo, miguu. Alimkata kucha za mikono na za miguu. Palipobaki, Mama Beseni alivuta pazia akamaliza yeye, na binti alisimama upande wa pili wa pazia akimenya chungwa. Jumla ilichukua saa moja na dakika kumi. Fundi Saa hakutaja muda hata mara moja.

Jioni walimpima. Mizani ilisoma kilo sabini na nne. Alilala kwa ubavu, shavu kwenye mto, mdomo wazi, akakoroma.

Wakati wa kuondoka binti alimpa Mama Beseni mkono. Mkono wenyewe ulikuwa bado na majimaji, una harufu ya sabuni ya wodi na chungwa, naye aliushika wa Mama Beseni kwa mikono yake miwili. Akasema Jumamosi ijayo atakuja tena. Mama Beseni alikwenda nyumbani kwa miguu siku hiyo, mkono wake wa kulia ameuweka pembeni kidogo ya mwili, asiufute.

Na binti alikuja Jumamosi ya pili, na ya tatu. Mzee alizidi kuwa mzito. Si unene, maana uji ulikuwa uleule. Ni uzito tu. Kitanda kililala upande, fundi wa majengo akaja akakiwekea tofali. Dereva alihamishiwa korido, ambako hakukuwa na dirisha, na Mama Beseni alipopita, Dereva alimwambia kwamba hana kinyongo, ila mvua ameikosa.

Tabu ilikuwa katika kumgeuza. Mtu wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na mtu wa uzito ule hugeuzwa na watu wawili, watatu wakipatikana. Mama Beseni alikuwa mmoja. Alipitisha shuka chini ya nyonga, akaliviringa mkononi, akaegemeza goti kitandani, akavuta huku mzee akisaidia kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza walifaulu. Mara ya pili mgongo wa Mama Beseni ulitoa mlio. Baada ya hapo alimgeuza alipoweza, na kuna siku aliweza mara mbili tu tangu asubuhi hadi anamaliza zamu, kwa sababu walikuwapo wengine kumi na saba, nao wote wana makwapa.

Siku ya kumi na tisa aliona wekundu kwenye nyonga ya kulia. Aliubonyeza kwa kidole, haukupauka. Alipaka mafuta, akaweka mto, akamlaza kwa ubavu wa pili. Siku ya ishirini na mbili ngozi ilifunguka, duara dogo, upana wa kioo cha saa ya mkononi. Fundi Saa hakulalamika. Aliuliza kama leo ni Ijumaa.

Sista aliinama, akakitazama kidonda, akakipima kwa rula ya karatasi. Alimwita Mama Beseni ofisini, akafunga mlango, akampa kiti.

"Mama, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini kidonda ni kidonda. Lazima kiandikwe."

Mama Beseni alisema ni sawa kiandikwe, ila iandikwe pia kwamba anahitaji mtu mmoja. Mtu mmoja tu. Wakiwa wawili, mzee atageuzwa kila inapotakiwa, na binti ataendelea kuja. Sista alivuta droo, akatoa faili, akamwonyesha. Maombi ya mtu mmoja yalikuwamo, yameandikwa vizuri kwa mkono wake Sista, na ya mwaka uliofuata yalikuwa chini yake, na ya mwaka uliofuata tena. Yote yalikuwa na muhuri wa kupokelewa.

"Mtu sina," Sista alisema. "Dari ninayo."

Alisema hivyo bila kejeli, akiwa amechoka, na macho yake yalikuwa kwenye cheti.

Barua iliandikwa kwa binti siku hiyohiyo. Ilisema kwamba hali ya mgonjwa imeathirika kutokana na kuongezeka kwa uzito, kwamba uzito huo umehusishwa na ziara za familia, na kwamba kwa faida ya mgonjwa inashauriwa ziara zisitishwe mpaka itakapoelekezwa vinginevyo. Binti alipiga simu baada ya kuipata. Alikuwa analia, lakini kilio chake kilikuwa na pumzi ndani yake, kama cha mtu aliyetua kitu. Alisema alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba angemharibia. Mama Beseni alitaka kumwambia kwamba kidonda kile si chake, ni cha wodi, ni cha faili lile lenye mihuri. Alianza kumwambia. Binti alisema, "Hapana, mama, usinitetee," akakata.

Jumamosi haikuja na mtu. Fundi Saa aliomba anyolewe, akanyolewa, akakaa ameegemea mto akiutazama mlango hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Jumamosi iliyofuata aliomba anyolewe tena.

Jumatano yake, Mama Beseni alipofunua shuka, kitambaa kilipita chini ya visigino.

Alivuta pazia, akaweka beseni chini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho wahudumu hawaruhusiwi. Alizishika nyayo zote mbili akaziweka kwenye godoro. Zilikaa. Kutoka upande wa pili Bibi alikuwa anaita kwamba mdomo wake umekauka, na kitanda cha nne kilikuwa kimelowa, ungeweza kusikia harufu. Aliendelea kuzishika. Mzee alikuwa anamtazama kwa jicho lake zima.

"Mama," alisema.

"Nipo, mzee."

"Zimetimia."

"Najua."

Alizishika nyayo zile dakika moja zaidi, ya kumi na tatu, na ilikuwa dakika ndefu. Halafu alizifuta, akazipaka mafuta, akazifunika shuka, akaondoka kwenda kitanda cha nne.

Kidonda kilipona kwa wiki tatu, kwa kuwa hakikuwa tena na kitu cha kukilalia. Daktari alisema ngozi mpya ni nzuri. Kufikia hapo mzee alikuwa keshafika usawa wa madirisha, na kabla ya mwezi kwisha aligusa ubao. Dereva alirudishwa kitandani kwake, akashukuru kwa dirisha, akatandikiwa nailoni. Wodi nyingine mbili zilituma watu waje waone namna ya kutundika beseni kwenye ngazi. Sista aliwaonyesha ndoano. Mafundi wa rangi walikuja pia, wakapaka namba darini, moja mpaka kumi na nane, kila namba juu ya kitanda chake, nafasi zilizo tupu nazo wakazipaka.

Simu ililia asubuhi, Mama Beseni akiwa ngazini, Fundi Saa ameshaoshwa uso na shingo. Alimwacha, akateremka, akapokea. Alikuwa binti. Alisema ana dakika chache, kengele ya shule inakaribia. Aliuliza baba yuko vipi.

Mama Beseni aliinua uso.

"Yuko juu," alisema.

"Afadhali," binti alisema, akashusha pumzi. "Nilikuwa na wasiwasi. Anakula?"

"Anakula."

"Na kidonda?"

"Kimefunga."

"Mungu mkubwa. Mwambie namsalimia sana. Mwambie na wajukuu wanamsalimia."

"Nitamwambia."

Simu ilikatika. Mama Beseni alirudisha mkono wa simu mahali pake, akapanda ngazi, akaweka kiganja mgongoni kwa mzee akamvuta chini mpaka usawa wa kifua. Maji yalikuwa yanaanza kupoa. Alimwambia kwamba binti yake anamsalimia sana, na wajukuu pia.

Mzee alitega sikio, kama anayesikiliza saa ndani ya kasha lake.

"Atakuja?" aliuliza.

Mama Beseni alikamua kitambaa kwa mkono mmoja.

"Nyanyua mkono, mzee," alisema. "Nikuoshe kwapa."

Akaunyanyua.